Kutaja Bei ya Besi

Mume wangu anatengeneza magita. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake huko milimani Ronge, katika banda lililokuwa nyuma ya jiko, na baba mkwe naye hakufundishwa na mtu. Alilifungua gita moja bovu, akalifunga, akalifungua tena, mpaka akalielewa. Watu wa milimani walimjua. Waliopiga muziki kwenye harusi, walimu wa shule za msingi, vijana wa kwaya, wote walipanda kwake kuchukua magita. Nilipoolewa niliikuta nyumba inanuka gundi na vumbi la mbao, na baada ya muda pua yangu ikaacha kulalamika.

Sisi tulishuka Voi kutafuta maisha. Mimi nilipata kibanda cha mitumba sokoni, nauza makoti na sweta kwa wanaosafiri usiku na kwa watu wa Wundanyi wanaojua baridi. Mume wangu akafungua karakana nyuma ya nyumba yetu, upande wa mashamba ya katani. Baba yake alipofariki alikwenda Ronge kuzika, akarudi na randa na patasi za mzee zimefungwa kwenye blanketi.

Kwa muda mrefu alitengeneza magita ya kawaida, kisha yakaja magita ya kiwandani, mepesi, yanang'aa, na bei yake huwezi kushindana nayo. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Kilichomwokoa ni besi. Siku hizi hata kanisa dogo la mabati lina spika na kinanda, na linataka gita la besi, lile lenye nyuzi nne nene ambalo mtu hulisikia kifuani kabla ya masikioni. Makanisa yalikuwa yananunua ya dukani. Joto letu la Voi likiingia kazini, shingo inapinda, na besi inaletwa kwa mume wangu imelala kwenye gunia kama mgonjwa. Akazitibu nyingi. Mwishowe akasema, "Kama nazirekebisha kila siku, si afadhali nitengeneze yangu?"

Akaanza. Mbao alizipata kwenye milango ya nyumba za zamani zinazobomolewa, mvule uliokauka tangu kabla hatujazaliwa. Mbao za namna hiyo hazijali tena joto. Besi yake ya kwanza ilipokamilika aliitia sumaku za kunasa mlio wa nyuzi, akaiunganisha na amplifaya yetu kuukuu, akagusa uzi mmoja, na vikombe vikacheza kabatini. Nilichungulia karakana, nikauona uso wake unang'aa, nikacheka kwa furaha jikoni peke yangu.

Shida ilikuwa kuuza. Mume wangu ni mtu mpole kupita kiasi. Mteja akiguna kidogo tu, yeye mwenyewe anashusha bei kabla hajaombwa. Jioni moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta kile kigoda alichokuwa anaiwekea besi mpya kiko tupu.

"Imeuzwa?" nikamuuliza.

"Imeuzwa. Vijana wa kanisa moja la Mwatate."

"Ngapi?"

Akaitaja huku akikunja kipande cha msasa mkononi.

"Baba watoto, nyuzi na sumaku ulizoagiza Nairobi zimekula karibu hizo zote. Mbao je? Mikono yako je?"

"Ni watu wa kanisa."

"Na sisi ni watu wa nini?"

Akachukua ufagio. Nikaenda kukoroga uji wa kesho nikiwa nimefura. Lakini nilipomtazama mlangoni, ameinama anafagia vumbi la mbao, hasira ikaniishia. Niliona kwamba kwake kutaja bei ni sawa na kumdai mtu wa nyumbani. Baba yake alikuwa analipwa mahindi, mbuzi, wakati mwingine ahadi. Hakumfundisha kuuza kwa sababu hakuwa anauza.

"Kuanzia leo," nikamwambia, "anayeuliza bei mlete kwangu."

Akakubali haraka mno, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Nami nikaanza kwa kujiamini, maana biashara naijua. Katika mitumba, unapita kwa jirani, unaangalia anauza ngapi, unashusha kidogo. Kwa hiyo nikasafiri hadi Mombasa, nikaingia duka la vyombo vya muziki, nikauliza bei ya besi kama mtu anayemnunulia mwanawe. Kijana wa duka alikuwa na adabu, akanieleza hata nisiyoyauliza. Nikarudi Voi, nikatundika besi ya mume wangu kibandani kwangu katikati ya makoti, na nikaweka bei chini kidogo ya ile ya Mombasa. Nilidhani ingeondoka siku ileile.

Haikuondoka. Watu waliisogelea, wakaipapasa, wakauliza bei, na nilipowaambia wakaiachia mikono. "Mbona rahisi? Iko na shida gani?" Mmoja akauliza kama ni ya watoto kuchezea. Mpiga kinanda wa kanisa la karibu na steji ya magari aliinyanyua, nikamwona uso wake unabadilika kwa ule uzito mzuri wa besi. Nikamtajia bei, naye akairudisha polepole kwenye msumari. Alishukuru vizuri tu. Sikuelewa. Koti rahisi linagombaniwa, besi rahisi inaogopwa.

Nilihangaika hivyo mpaka alipotokea mwenye duka la vinyago.

Duka lake liko kando ya barabara kuu, pale watalii wanaposimama wakielekea mbugani. Alikuja kwangu kutafuta koti, akaiona besi, akaniuliza ni kazi ya nani. Nikamsimulia yote: baba mkwe, banda la Ronge, milango ya mvule. Alisikiliza akiwa ameshika mkono wa koti, hajalivaa.

"Mama, wewe hujui unachouza," akasema. "Hadithi hiyo ndiyo mali. Hilo gita ni kitu cha kuishikilia tu hadithi."

Akaahidi kununua kadhaa, kwa bei ambayo mimi nisingethubutu kuitaja. Masharti yake ni kwamba zichongwe ndovu kifuani, zipakwe rangi ya kuonekana za zamani, na tusijisumbue na sumaku wala waya, kwa sababu zitakaa ukutani.

Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama niliyeokota dhahabu. Mume wangu alinisikiliza, akauliza, "Ndovu?" Nikamwambia ndovu. Akachukua penseli, akaanza kuchora.

Sitaki kusema uongo: pesa zile zilitusaidia. Tuliezeka karakana upya, na karo ya mtoto wa mwisho haikutusumbua muhula ule. Mwenye duka alikuwa mtu wa heshima, analipa siku ileile, anauliza hali ya watoto. Jambo moja tu lilinikera. Kila besi ya ukutani, mume wangu aliitia sumaku na waya kama kawaida, akaikaza nyuzi, akaijaribu, ndipo akaipeleka.

"Mwenyewe amesema hazihitajiki," nikamwambia. "Unatupa pesa."

"Bila sumaku si besi. Ni ubao umechongwa."

"Si ndicho anachotaka?"

"Ajue yeye anachotaka. Mimi najua ninachotengeneza."

Nikamwacha. Siku moja nikapita dukani kwa mwenye vinyago kumpelekea shati aliloagiza. Besi yetu ilikuwa inaning'inia karibu na mlango, jua la mchana limeipiga ubavu mzima, nyuzi zimelegea kama kamba za kuanikia nguo. Chini yake kuna kikaratasi kinachosema ni chombo cha kale cha wazee wa kabila, kilichopigwa kwenye matambiko. Nilipomsimulia mume wangu jioni, alicheka sana. "Matambiko na sumaku!" Kisha akaacha kucheka.

"Kuna mtu amewahi kuipiga?" akauliza.

"Wanapiga picha nayo."

Baada ya siku hiyo kazi ikamchosha. Si kwamba aliacha. Aliendelea kuchonga, lakini alikuwa anaanza asubuhi akiwa amechelewa na kuacha mapema, na ndovu wake wakazidi kufanana na nguruwe. Nilimsikia akimwambia mmoja wao, "Simama vizuri basi." Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Nilikuwa nimempatia soko, na soko lenyewe lilikuwa linamnyamazisha.

Ndipo akaja mama mmoja wa Makwasinyi.

Alifika asubuhi, amefunga kitambaa kichwani, mgongoni amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa leso ya kujitanda. Ni mkulima kule chini ya Kasigau, analima mahindi na pojo, ndizo choroko, na ndiye mpiga besi wa kwaya ya kanisa lao. Wanaume waliokuwa wanapiga waliondoka kutafuta kazi Mombasa, akasema, na mtu hawezi kumwimbia Mungu nusu. Akafungua leso. Besi ya dukani, shingo imejikunja kama mpini wa jembe lililosahaulika shambani.

Mume wangu aliitazama kwa kupitisha jicho juu ya shingo yake, akatikisa kichwa. "Hii, mama, nikikurekebishia nitakuwa nakudanganya. Itapinda tena."

"Nilijua," akasema. "Ila nimekuja pia kwa sababu nyingine. Kwaya zilikutana Mwatate, nikaisikia besi ya vijana wa pale. Nikawauliza wameitoa wapi. Naweza kushika moja?"

Wakati ule hakukuwa na nyingine ila moja ya mwenye duka, tayari ina sumaku na nyuzi, ndovu wake amechongwa nusu. Mama akaketi kwenye gogo, akaipakata, mume wangu akamuunganishia waya. Alianza kwa woga, kidole kimoja. Kisha akafumba macho. Sijui ulikuwa wimbo gani, alikuwa anauimba ndani kwa ndani na kuutoa nje kwa mikono. Mabati mapya ya karakana yakawa yanaguna pamoja naye. Mume wangu alikuwa ameshika bisibisi na amesahau kwamba ameishika. Uso wake niliuona kama ulivyokuwa siku ya vikombe.

Alipomaliza akauliza bei, na mume wangu akanitazama.

Nikaanza. "Unajua mama, siku hizi nyuzi zimepanda, na mbao nazo si rahisi, na hali yenyewe unaiona..."

"Dada," akanikatiza, bila ubaya, "mbona unaniomba msamaha na hujanikosea?"

Nikashusha mikono, naye akaendelea.

"Mimi nikileta pojo sokoni nasema bei. Anayeweza ananunua, asiyeweza tunasalimiana. Sasa wewe ukizungukazunguka hivi, nafikiri kitu kina kasoro."

Akamgeukia mume wangu. "Fundi, hii ikiharibika namrudishia nani?"

"Mimi. Hapa."

"Nyuzi zikichoka?"

"Utakuja, nitazibadilisha na kuikaza upya."

"Mkono wangu mdogo. Unaweza kunipunguzia shingo?"

"Weka mkono hapa niuone." Akaupima kwa kuushika kiganjani, kama anavyomshika mtoto kumwonyesha njia. "Naweza."

"Basi hayo yote si yamo kwenye bei?" akaniuliza mama.

Nilisimama pale nikawaza safari yangu ya Mombasa. Nilikuwa nimeenda kulinganisha na kitu ambacho hakifanani na chetu. Kule dukani hakuna aliyempima mtu mkono. Hakuna ambaye besi ikipinda atasikia aibu.

"Elfu thelathini," nikasema. Ilikuwa juu ya bei ya Mombasa, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Mama hakushtuka, ila aliipapasa shingo ya besi. "Ni pesa nyingi," akasema hatimaye.

"Ni nyingi," nikakubali.

Nikaona mguu wa mume wangu unasogea, na nikajua mdomo uko njiani. Nikamkazia jicho. Akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Lakini mimi nami moyo ulikuwa unaniuma. Mama yule alikuwa ametoka mbali, vumbi jekundu limemfika magotini.

"Sitashusha," nikamwambia, "ila chukua hii. Kaipige kanisani kwenu wakusikie. Wasipoipenda, irudishe, hatutadaiana."

"Na huyu mnyama?"

"Nenda naye hivyohivyo."

Alicheka, akaifunga kwa leso, akaondoka nayo. Mume wangu aliuliza kama nimechukua hata namba yake ya simu. Nilikuwa nimesahau. Usingizi wa siku hizo haukuwa mzuri.

Alirudi mwenyewe na besi ileile, wiki iliyofuata au ile ya baadaye, pamoja na mwenyekiti wa kwaya yao, mzee mtaratibu aliyevaa tai. Wameikubali, wakasema. Watavuna pojo, kwaya itachanga, na bei hawana neno nayo. Ombi lao ni moja.

"Tunaomba isiyokuwa na ndovu," mzee akasema kwa staha kubwa. "Watu wanatuuliza kama kanisa limegeuka hoteli."

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea meza. Kesho yake aliamka kabla yangu, na kabla chai haijachemka nikasikia randa.

Mwenye duka alipokuja kuchukua zake, ilibidi nimweleze. Tulikuwa tumezungumza, mimi na mume wangu, na tumekubaliana kitu ambacho mwanzoni kilionekana wazimu hata kwangu: besi itakuwa na bei mbili. Ya kupigwa ni elfu thelathini. Ya kutundikwa ni mara mbili yake.

"Na ni kitu kilekile!" mwenye duka akasema. Hakuwa amekasirika, alikuwa ameshangaa kweli.

Nilitaka kujibu, lakini mume wangu akatangulia. "Si kilekile, bwana. Ya kupigwa itarudi hapa. Nitaikaza, nitaisikia imekuwaje, maana mbao ikipigwa inazidi kulegea na kuimba. Ya ukutani ikitoka hapa siioni tena. Ni kama naiaga."

Mwenye duka akaketi kwenye gogo. Akatuambia mambo ambayo hakuwahi kutuambia: kwamba watalii wamepungua, kwamba vinyago vingine vimekaa mpaka yeye mwenyewe hana hamu ya kuvipangusa, kwamba ana wazazi wanaomtegemea. Kwa bei hiyo hataweza. Nilimwonea huruma, kwa sababu alitushika mkono wakati hakuna mwingine aliyetuona. Nikamchemshia chai.

Katika chai hiyo tukapata njia. Tungemwachia besi moja ya kweli, isiyochongwa, pamoja na spika ndogo, akae nayo dukani kwa niaba yetu, mbali na jua. Anayetaka aipige. Ikiuzwa, atapata fungu lake. Na kikaratasi kibadilishwe. Aliandika mwenyewe palepale, akitusomea: kwamba chombo hiki kimetengenezwa Voi, mwaka huu, na mtu ambaye yuko hai na anaweza kupigiwa simu.

"Ya matambiko ilikuwa inauza vizuri," akasema akihuzunika kidogo.

Sijui kama tulimtendea haki kamili. Miezi kadhaa hakuna aliyeigusa ile besi, na nilipopita pale nilikuwa natembea upande wa pili wa barabara. Baadaye mwanamuziki mmoja aliyekuwa akielekea Mombasa na bendi yake alisimama kununua maji, akaipiga, akachelewesha gari lao zima, akaondoka nayo. Tangu hapo imeuzwa nyingine moja. Ni polepole, lakini mwenye duka anasema watu wanakaa dukani zaidi wakisikia sauti, na kinyago kimoja kimoja kinaondoka.

Pojo zilipovunwa na kwaya kuchanga, besi ya Makwasinyi tuliipeleka wenyewe, kwenye lori la ndugu yake yule mama lililokuwa linarudi tupu. Mume wangu aliipakata njia nzima. Kanisani walitukalisha mbele, lakini nyimbo zilipoanza nikaona kiti chake kiko wazi. Nikamkuta nje, amesimama kwenye kivuli cha ukuta, mlima wa Kasigau nyuma yake, kichwa amekiinamisha.

"Nje ndiko besi inakosikika vizuri," akasema. Halafu, baada ya beti moja, "Uzi wa tatu unavuma. Nitarudi nayo Voi."

Ibada ilipokwisha akamwambia mama. Mama akaikumbatia besi kwa mikono miwili. "Hii haitoki hapa leo, fundi. Kama kuna kazi, ifanye hapahapa."

Wakamletea bisibisi na benchi. Akakaa nje akirekebisha, watu wamemzunguka na sahani zao za wali na pojo. Mwanamume mmoja aliyevaa shati jeupe, mgeni kutoka kanisa jingine upande wa pili wa mlima, akamuuliza besi kama hiyo ni ngapi.

Mimi nilikuwa mbali kidogo, nimeshika sahani. Nilijua hataweza kuitaja bei. Nikaanza kuelekea kwake.

"Elfu thelathini," mume wangu akasema, macho yakiwa kwenye uzi. "Na nitakupima mkono."

Yule mgeni akaguna. Akabaki amesimama, akitazama kazi, kisha akaenda kwa wenzake. Mume wangu hakumfuata, wala hakuongeza neno. Akauvuta uzi wa tatu kwa kidole, akausikiliza, akageuza bisibisi kidogo tena.

Nikamwekea sahani yake kwenye benchi, karibu na mkono, ili aione akimaliza.